Kontena tatu zimegoma kufutika, kila moja kwa namna yake. Naomba mwongozo

zabibu_kavu (Dodoma)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna seva nimekabidhiwa hapa Dodoma, ya zamani: CentOS 7, kerneli (kiini cha Linux) 3.10.0-693, Docker 17.06 (inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa), hifadhi ni overlay2 (hupanga faili za kontena kwa matabaka). Inabeba kontena kumi na moja. Tatu zimenishinda kufuta.

Ya kwanza, `fomu_web`. Kwenye `docker ps -a` inaonekana Dead. Nikiifuta napata hili:

```
Error response from daemon: driver "overlay2" failed to remove root filesystem for 5d0e71...: remove /var/lib/docker/overlay2/8ac1f3.../merged: device or resource busy
```

Ya pili, `nakala_picha`. Hii haileti kosa wala haifutiki. `docker stop` inaganda, `docker rm -f` inaganda, mpaka nibonyeze Ctrl+C. Ina volumu (folda la data) ya NFS, yaani linalofikiwa kupitia mtandao, inayotoka kwenye mashine ya kuhifadhia iliyo jengo jingine.

Ya tatu, `ripoti`. Inafutika vizuri tu, ila baada ya sekunde chache iko tena, na ID mpya.

Nilichojaribu: `rm -f` mara kadhaa, `kill -9` kwa michakato, na `systemctl restart docker` jana usiku. Hakuna kilichobadilika. Nimepitisha `lsof` na `fuser` kwenye ile njia ya merged, zote zinarudi tupu. Kuizima mashine yenyewe siwezi kabla ya saa kumi na moja jioni, watu wako kazini juu yake.

Nawasilisha.

---

haraka_haraka

Mkuu usijisumbue. Ingia `/var/lib/docker/overlay2`, futa hilo folda la 8ac1f3 kwa `rm -rf`, washa Docker upya, kwisha.

---

makutupora_cli

@zabibu_kavu usifanye hivyo tafadhali. Ndani ya overlay2 yamo pia matabaka ya imeji, na tabaka moja la imeji linaweza kutumiwa na kontena tano kwa pamoja. Ukikosea folda moja unaua nyingine zilizo hai, na Docker haitajua kwa sababu orodha yake imewekwa kwingine, chini ya `/var/lib/docker/image/overlay2/layerdb`. Halafu wewe kosa lako ni "busy", kwa hiyo hata `rm -rf` itafuta vilivyomo na kugota palepale kwenye merged. Utabaki na kontena iliyofutika nusu.

---

fundi_nkuhungu

Hayo ni matatizo matatu tofauti yaliyokutana kwenye mashine moja. Usiyatafutie dawa moja. Naanza na `fomu_web`, maana hiyo ndiyo inayowapotezea watu siku nzima.

Kwa nini `lsof` haioni kitu: aliyeshikilia hajafungua faili lolote. Kwenye Linux mchakato unaweza kuwa na orodha yake mwenyewe ya vilivyopachikwa (mount), tofauti na ya mashine. Orodha hiyo hunakiliwa siku mchakato unapozaliwa. Kama `fomu_web` ilikuwa hai saa hiyo, mpachiko wake wa merged (folda linalounganisha matabaka ya kontena) umeingia kwenye nakala. Baadaye Docker inabandua upande wake, lakini folda lake la hifadhi limewekwa kuwa la faragha, kwa hiyo kubandua huko hakufiki kwenye ile nakala. Kerneli ikiulizwa kama merged inaweza kufutwa, inajibu kuna mtu bado ameipachika.

Mtafute hivi, ukichukua ID iliyo kwenye ujumbe wa kosa (ya overlay2, si ya kontena):

```
grep -l 8ac1f3 /proc/[0-9]*/mountinfo
```

Itakupa namba moja au kadhaa. Kila namba:

```
ps -o pid,lstart,cmd -p NAMBA
systemctl status NAMBA
```

Hiyo amri ya pili watu wengi hawaijui: `systemctl status` inapokea PID (namba ya mchakato) na kukutajia huduma yenye mchakato huo.

Washukiwa wa kawaida ni wawili. Wa kwanza ni kontena za ufuatiliaji kama cAdvisor, zinazopachika `/` au `/var/lib/docker` nzima ndani yake. Wa pili ni huduma za kawaida za systemd (msimamizi wa huduma za mashine) zenye `PrivateTmp=true`, kwa mfano httpd (seva ya wavuti) au MariaDB (hifadhidata), kwa sababu PrivateTmp huipa huduma orodha yake ya mipachiko. Wewe ulishawasha Docker upya na haikusaidia. Kama mshikaji angekuwa kontena, angekufa jana usiku pamoja na zile nyingine na kuachia. Kwa hiyo dau langu ni huyo wa pili: huduma iliyo nje ya Docker, iliyowashwa `fomu_web` ikiwa hai.

Ukishampata, iwashe upya huduma hiyo, kisha `docker rm fomu_web`. Hakuna haja ya kugusa mashine.

Na angalia hii:

```
sysctl fs.may_detach_mounts
```

Ikiwa 0, ndiyo mizizi yenyewe. Kerneli za kuanzia 3.18 hivi, ukifuta folda lililopachikwa kwenye orodha ya mtu mwingine, hulibandua kimya kimya na kuendelea. Red Hat waliiingiza tabia hiyo kwenye 3.10 yao kuanzia toleo la 7.4, lakini wakaiweka nyuma ya swichi hiyo. Yako ni 693, yaani 7.4, swichi unayo. Washa:

```
echo 'fs.may_detach_mounts = 1' > /etc/sysctl.d/99-kontena.conf
sysctl --system
```

Inafanya kazi papo hapo. Docker za baadaye huiwasha zenyewe zinapoanza, ya 17.06 bado.

---

makutupora_cli

Naongezea kwa wenye cAdvisor, maana nao watapita hapa. Inanasa kontena zilizokuwa hai wakati yenyewe inawashwa. Zilizowashwa baada yake haizioni, kwa hiyo haizishikilii. Ndiyo maana utasikia mtu anasema "mara inafutika, mara haifutiki". Linganisha tu saa za kuwaka. Njia ya haraka ni kuisimamisha, kufuta kontena yako, kuiwasha tena. Kuongeza `rslave` kwenye `-v /:/rootfs:ro,rslave` kunapunguza, hakumalizi.

---

kibaigwa_io

Mimi nachukua `nakala_picha`. Kontena inayoganda bila kosa, na ina NFS ndani, karibu kila mara ni mchakato ulio kwenye hali ya D. Thibitisha:

```
ps -eo pid,stat,wchan:32,cmd | awk '$2 ~ /^D/'
dmesg -T | grep -i 'nfs: server'
```

Usipige `df` wala `ls` kwenye njia hiyo, terminali yako nayo itaganda. Ukitaka lazima, tanguliza `timeout 5`, ingawa hata hiyo haina uhakika.

Hali ya D maana yake mchakato umeingia ndani ya kerneli ukisubiri diski au mtandao, na kwa kawaida hausikilizi ishara mpaka usubiri wake uishe. `kill -9` haijapotea: imewekwa foleni. Docker inatuma SIGKILL (ishara ileile ya `kill -9`), inasubiri taarifa kwamba mchakato umekufa, taarifa haiji, amri yako inaganda. Docker hapo haina kosa.

Safu ya WCHAN (mchakato unasubiri wapi ndani ya kerneli) ndiyo ya kutazama. Jina likiishia na `_killable`, mfano `rpc_wait_bit_killable`, huo usubiri unakubali SIGKILL, na mchakato unaweza kuuawa. Likiwa `wait_on_page_bit` au kitu kama hicho, anasubiri data aliyoandika ifike kwenye seva ya NFS, na hapo hakuna ishara itakayomtoa.

Tuletee matokeo.

---

zabibu_kavu

Nimerudi. Kwanza asante sana.

`grep` imetoa PID sita, zote za httpd! Ndiyo iliyo mbele ya kontena, inapokea maombi na kuyagawa. `lstart` inaonyesha iliwashwa wiki tatu zilizopita. `fs.may_detach_mounts` ni 0.

Ya NFS:

```
18342 D    wait_on_page_bit                 rsync -a /data/ /hifadhi/

nfs: server 192.168.10.20 not responding, still trying
```

@kibaigwa_io je, nikipiga `umount -l` kwenye volumu, si itaachia?

---

kibaigwa_io

Hapana. `-l` inaondoa jina la njia kwenye orodha ili wengine wasiingie. Aliyekwama ndani anabaki amekwama, na sasa humuoni vizuri. Hiyo ni hatua ya mwisho.

Mpangilio ni huu. Kwanza uliza kama seva ya NFS iko hewani:

```
timeout 3 bash -c '</dev/tcp/192.168.10.20/2049' && echo wazi
```

Usipopata neno "wazi", nenda kwenye hilo jengo jingine. Angalia mashine imewaka, kebo imekaa, swichi ya mtandao ina taa. Ikirudi na anwani ileile na folda zilezile zinazoshirikishwa kwenye `/etc/exports`, kerneli ya huku itaendelea yenyewe, kwa sababu NFS ya `hard` hurudia ombi bila kukata tamaa. Data inaandikwa, mchakato unaamka, na palepale unakutana na ile SIGKILL iliyokuwa kwenye foleni. Unakufa bila wewe kugusa kitu, na `docker rm` inapita.

Kama mashine ile imekufa kabisa na hairudi:

```
umount -f /var/lib/docker/volumes/JINA/_data
```

Rudia mara mbili tatu. `-f` inakata maombi yaliyo njiani na kuwarudishia wenye kusubiri kosa la EIO (kusoma au kuandika kumeshindikana). Fahamu kwamba data iliyokuwa haijafika imepotea hapo. Mchakato ukishatoka kwenye D, ndipo `-l` ina maana, kama bado njia inang'ang'ania. Ikishindikana yote hayo, inabaki kuwasha mashine upya, na hata hiyo inaweza kuganda ikijaribu kubandua NFS. Ukifika hapo uwe karibu na kitufe.

Mtu asikudanganye uweke `soft` kila mahali ili yasijirudie. `soft` inarudisha kosa muda ukiisha, na programu isiyokagua makosa ya kuandika itakuachia faili nusu. Kwa volumu ya kusoma tu ni sawa: `ro,soft,timeo=100,retrans=3`. Hiyo timeo inahesabiwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo 100 ni sekunde kumi. Ya kuandikia nakala rudufu iache `hard`.

---

dada_wa_terminali

Hakuna aliyegusa `ripoti`.

ID mpya ndiyo jibu lenyewe. Sera ya `--restart always` huwasha kontena ileile iliyokufa, haiwezi kufufua iliyofutwa. Kontena ikirudi na ID nyingine, kuna mtu *ameiunda* upya. Kuna watatu wa kuwauliza.

Tazama jina kamili kwenye `docker ps`. Likiwa na mkia kama `ripoti.1.` halafu herufi nyingi za ovyo, ni huduma ya Swarm (msimamizi wa kontena aliyemo ndani ya Docker). Swarm imeagizwa nakala moja iwepo, ukifuta inaleta nyingine. Unafuta huduma, si kontena:

```
docker service ls
docker service rm ripoti
```

Jina likiwa halina mkia, tafuta faili la systemd lenye `docker run` ndani:

```
grep -rl 'docker run' /etc/systemd/system/
```

Na mwisho cron (kazi zinazojiendesha kwa ratiba). Nimeona cron ya kila dakika inayopiga `docker-compose up -d`, aliyeiweka alidhani ndiyo njia ya kuhakikisha mfumo uko juu. Ukitaka kumkamata mwundaji akiwa kazini, fungua dirisha moja na `docker events --filter event=create`, futa kontena kwenye dirisha jingine, uone inachukua sekunde ngapi na inakuja na lebo gani. Lebo za `com.docker.swarm` na `com.docker.compose` zinajitaja zenyewe.

---

haraka_haraka

Sawa nimekubali kuhusu overlay2. Ila kama kontena ni Dead, faili zake zimeshaondoka, na `docker rm` bado inakataa, utafanyaje? Hiyo nimeikuta zaidi ya mara moja.

---

fundi_nkuhungu

Hapo kuna njia ya mkono, na ni ya baada ya saa za kazi, kwa sababu Docker ikisimama kontena zote zinasimama nayo (isipokuwa umeweka `"live-restore": true` kwenye `/etc/docker/daemon.json`, na haiendi pamoja na Swarm).

Kabla ya kusimamisha, andika folda lake la overlay2 ni lipi:

```
cat /var/lib/docker/image/overlay2/layerdb/mounts/ID_KAMILI/mount-id
```

Kisha:

```
systemctl stop docker.socket docker
mv /var/lib/docker/containers/ID_KAMILI /root/
systemctl start docker
```

Kama docker.socket haipo kwenye mashine yako, iache. Ikiwepo lazima uisimamishe, la sivyo amri yoyote ya `docker` inaamsha huduma katikati ya kazi. Angalia nimetumia `mv`, si `rm`. Ndani ya folda hilo mna config.v2.json, ukigundua umekosea ID unairudisha na maisha yanaendelea. Volumu haziguswi, zinakaa `/var/lib/docker/volumes`.

Folda la overlay2 ulilolinakili jina, pamoja na pacha wake mwenye mkia `-init`, yatabaki yatima. Hayo mawili tu, kwa majina hayo hasa, unaweza kuyafuta, baada ya kuhakikisha `grep` kwenye mountinfo inarudi tupu.

---

makutupora_cli

Wakati tuko hapo, kwa wanaofika na Ubuntu na ujumbe mwingine:

"permission denied" unapofanya `docker stop` ukiwa root. Piga `snap list | grep docker`. Mara nyingi Docker imewekwa mara mbili, ya snap na ya apt (njia mbili za kuweka programu), na AppArmor (mlinzi wa usalama wa Ubuntu) inamzuia mmoja kutuma ishara kwa kontena za mwingine. `dmesg | grep DENIED` itaonyesha `operation="signal"`. Chagua moja, ondoa nyingine. Kwa kufungua njia sasa hivi, `aa-remove-unknown` kisha washa Docker upya ili ipakie profaili yake.

"read-only file system". Hii huja baada ya umeme kukatika ghafla, na huku kwetu si habari ngeni. Diski ya ext4 ikiona hitilafu inajigeuza kuwa ya kusoma tu. Hakuna amri ya Docker itakayosaidia. Tazama `dmesg | grep -i ext4`, hamisha data muhimu, kisha fsck (kukagua na kurekebisha diski) ikiwa imebanduliwa. Kwa XFS ni `xfs_repair`.

"no space left on device". Hata kufuta kunahitaji nafasi kidogo ya kuandikia. Tafuta logi iliyovimba:

```
du -h /var/lib/docker/containers/*/*-json.log | sort -h | tail
truncate -s 0 NJIA_YA_LOGI
```

Usifute faili la logi kwa `rm`, Docker bado imelishika na nafasi haitarudi. Baadaye weka `max-size` ya 10m na `max-file` 3 kwenye daemon.json. Hiyo inahusu kontena zitakazoundwa baada ya hapo, za zamani hazibadiliki.

---

zabibu_kavu

Mrejesho wakuu, yote matatu yamekwisha na mashine haikuzimwa.

`fomu_web`: niliwasha swichi ya may_detach_mounts kwanza, `docker rm` ikapita hapohapo. httpd sikuigusa kabisa.

`nakala_picha`: mashine ya kuhifadhia ilizimika umeme ulipokatika, na uliporudi haikuwaka. Kijana wa huko ameiwasha, dmesg ikaandika `nfs: server 192.168.10.20 OK`, rsync ikatoweka kwenye orodha. Ile `docker rm -f` niliyoiacha imeganda dirisha la pembeni ikamaliza yenyewe.

`ripoti`: Swarm. Jina lilikuwa na mkia, nilikuwa naangalia safu ya imeji tu.

Swali dogo: kwenye `docker info` naona `Supports d_type: true`. Ina uhusiano?

---

fundi_nkuhungu

True ni salama. Ingekuwa false, maana yake XFS yako imefomatiwa kwa `ftype=0`, na overlay juu yake hushindwa kuficha faili zilizofutwa ndani ya kontena. Haigeuzwi, ni kufomati upya.

---

kibaigwa_io

Kwenye ile mashine ya kuhifadhia, ingia BIOS utafute mpangilio wa umeme unaporudi, mara nyingi umeandikwa `Restore on AC Power Loss` au `After Power Failure`. Uweke Power On au Last State. Na hakikisha nfs-server imewezeshwa kwa `systemctl enable`, isije ikawaka mashine tupu.

Halafu panga kuhama. CentOS 7 ilifikia mwisho wa matengenezo tarehe 30 Juni 2024. Ukiwa kwenye kerneli ya 5 na kuendelea, swichi ya may_detach_mounts hutaikuta kabisa, na "busy" ukiiona huko anza kwa kutazama `/proc/self/mountinfo` ya mashine yenyewe kabla ya kuwasaka akina httpd.